Kwa Kiasi, kwa Staha au kwa Unyenyekevu? Historia ya Kielezi cha Kiingereza "Modestly" na Mzigo Wake kwa Mfasiri wa Kiswahili

Ikisiri

Kielezi cha Kiingereza "modestly" mara nyingi huchukuliwa na wafasiri kuwa neno la unyenyekevu, au la haya ya mwanamke. Makala hii inafuatilia historia ya neno hilo tangu Kilatini hadi mwishoni mwa karne ya 18, na kuonyesha kwamba lilianza kama neno la kipimo na kwamba kufinywa kwa maana yake kulipingwa na waandishi wa Kiingereza wenyewe. Makala inadai kuwa Kiswahili kinayo nomino iliyopita njia inayofanana na hiyo, yaani "kiasi", na kwamba nomino inayochaguliwa kukaa baada ya "kwa" ina athari katika taarifa za uchumi na katika tafsiri ya sheria.

Utangulizi

Kiingereza huunda vielezi vingi kwa kubandika kiambishi tamati "-ly" kwenye kivumishi. Kiambishi hicho kina asili ya neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha mwili au umbo, lakini asili hiyo imekwisha kusahaulika na haimbani tena mwandishi. Anayeandika kwamba mtu fulani amesema, amevaa, amekula au ameishi "modestly" halazimiki kutaja ni sifa gani hasa anayoikusudia. Msomaji ataikamilisha maana kwa muktadha, na pengine asiikamilishe kabisa.

Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Njia yake ya kawaida ni kihusishi "kwa" kikifuatiwa na nomino, na nomino haina budi kutajwa. Kwa kiasi, kwa staha, kwa haya, kwa adabu, kwa unyenyekevu, kwa kujisitiri: kila moja ni hukumu tofauti juu ya mtendaji. Mwanamke aliyejibu kwa haya si yule aliyejibu kwa kiasi, na waziri aliyezungumza kwa unyenyekevu huenda hakuzungumza kwa kiasi hata kidogo. Hata vielezi vinavyoundwa kwa "ki-", kama "kiungwana", humtaka msemaji ataje mtu wa kufananishwa naye. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili anapokutana na kielezi hiki hawezi kujificha nyuma ya sarufi kama mwandishi wa Kiingereza anavyoweza. Analazimika kuamua, na uamuzi wake huonekana.

Kasoro inayojadiliwa hapa ni kwamba uamuzi huo mara nyingi hufanywa kwa mazoea. Kamusi za lugha mbili zina desturi ya kupanga visawe vikitenganishwa kwa mikato, bila kueleza kipi ni cha muktadha upi, na mfasiri mwenye haraka huchukua cha kwanza. Katika maneno mengi desturi hiyo haidhuru sana. Katika neno hili inadhuru, kwa sababu visawe vyake havina udugu wa karibu kama orodha inavyodokeza.

Neno la kipimo

Mzizi wa neno ni Kilatini "modus", yaani kipimo au mpaka. Mtu aliyeitwa "modestus" alikuwa mtu anayeshika kipimo. Cicero, alipokuwa akiandika falsafa ya Kiyunani kwa Kilatini mwaka 45 KK, alikabiliwa na tatizo ambalo kila mfasiri wa Afrika Mashariki analifahamu: neno moja la kigeni, "sophrosyne", halikuwa na kisawe kimoja katika lugha yake. Alikiri kwamba alilifasiri mara kwa neno la kujizuia, mara kwa neno la uwiano, na mara nyingine kwa "modestia". Katika kitabu chake juu ya wajibu, kilichofuata mwaka 44 KK, aliihusisha sifa hiyo na mpangilio, yaani kujua tendo lipi linafaa mahali gani na wakati gani. Hapakuwa na macho ya kuinamisha wala uso wa kuficha. Palikuwa na mtu anayejua aishie wapi.

Neno lilipoingia Kiingereza lilikuja na maana hiyo, na kuingia kwake kulikuwa kwa makusudi. Mwaka 1531 Thomas Elyot alichapisha kitabu "The Boke Named the Governour", kilichohusu malezi ya watakaoshika madaraka, akakitabaruku kwa Mfalme Henry VIII. Humo anatumia hatua za dansi kufundishia matawi ya busara, na miongoni mwa matawi hayo anaitaja "modestie". Hapo anasita kidogo na kumweleza msomaji kwamba neno hilo halikuwa likijulikana katika Kiingereza, na kwamba watu ambao hawakuwa wamesoma waandishi bora wa Kilatini walikuwa wakiita sifa hiyo kwa jina lisilo lake, jina la uwezo wa kupambanua mambo.

Maelezo hayo ya Elyot yanastahili kuangaliwa kwa makini na wale wanaoshughulika na istilahi za Kiswahili. Kiingereza, ambacho leo huonekana kama ghala lisilopungukiwa, mwaka 1531 kilikuwa lugha inayokopa, inayoeleza mkopo wake na kuomba radhi kwa upungufu wake. Kazi aliyoifanya Elyot kwa sentensi chache ndiyo ambayo mabaraza ya lugha ya Afrika Mashariki yanaifanya kwa vikao na matoleo ya istilahi. Zaidi ya hayo, alilifunga neno na utawala. Sifa aliyoitafutia jina ilikuwa ya mtu mwenye mamlaka anayejua kipimo cha mamlaka yake, na mfano wake ulikuwa mcheza dansi asiyepitiliza hatua.

Kielezi katika tamthilia

Miongo saba baadaye kielezi kilikuwa kimekwisha kuzoeleka jukwaani. Mifano mitatu ya Shakespeare inatosha kuonyesha upana wake.

Katika "Troilus and Cressida", iliyochapishwa mwaka 1609, Hector amefika kambini kwa Wagiriki. Ulysses anamtabiria kwamba kuta za Troy zitaanguka. Hector anajibu kwamba kuta bado zimesimama, na kwamba kwa hesabu yake, aliyoitolea kwa kielezi hiki, kila jiwe litakaloanguka litagharimu tone la damu ya Kigiriki. Hakuna unyenyekevu hapo. Ni tambo la shujaa lililovikwa vazi la makadirio, na Kiswahili kingesema "bila kutia chumvi" au "kwa makadirio ya chini". Katika "Much Ado About Nothing", mwanamfalme Don Pedro, akijua kwamba Benedick amejificha na anasikiliza, anasema angependa Benedick ajipime kwa namna hiyo aone asivyomstahili bibi anayempenda. Hapa maana ni kujitazama bila kujipendelea.

Mfano wa tatu ndio wenye uzito zaidi kwa msomaji wa Kiswahili. Katika tendo la kwanza la "Julius Caesar", Cassius anamwambia Brutus kwamba, kwa kuwa jicho halijioni lenyewe ila kwa kuakisiwa, yeye atakuwa kioo chake, na atamfunulia kwa kielezi hiki yale ambayo Brutus hajayajua juu ya nafsi yake. Kauli hiyo ni moyo wa hila nzima. Cassius anadai kwamba kioo chake hakikuzi kitu. Ukweli ni kwamba anakuza, na Kaizari atakufa kwa sababu ya ukuzaji huo. Mfasiri akiandika "kwa unyenyekevu", Cassius anageuka mtu anayejishusha mbele ya rafiki mkubwa. Akiandika "kwa haya", anageuka mtu mwenye soni. Katika hali zote mbili kejeli inapotea, kwa sababu kejeli inategemea ahadi ya kipimo. Anayeahidi kutotia chumvi ndiye anayeimimina.

Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia hiyo, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1963. Baadaye aliipitia upya na kuichapisha tena mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari", mwaka uleule ilipotoka "Mabepari wa Venisi". Haikusudiwi hapa kupima mstari mmoja wa kazi hiyo dhidi ya mwingine. Linalostahili kusemwa ni kwamba kiongozi wa nchi alirudi kwenye matini aliyokwisha kuichapisha akairekebisha, na kwamba katika kazi ya namna hiyo ugumu haukai kwenye maneno makubwa ya siasa peke yake. Unakaa pia kwenye vielezi vidogo ambavyo mhakiki wa tafsiri huvipita bila kuvitazama.

Kufinywa na kupingwa

Maana ya kipimo haikutoweka, lakini ilisukumwa pembeni. Sehemu ya habari hiyo imo katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, aya ya 9, panaposemwa juu ya mapambo ya wanawake. Matini ya Kiyunani ina maneno matatu hapo. La kwanza, linalohusu vazi, linatokana na neno la mpangilio. La pili ni la haya. La tatu ni "sophrosyne", neno lilelile lililomsumbua Cicero. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ililitumia neno "modest" kwa vazi, na "sophrosyne" ikapewa neno jingine. Kwa hiyo neno la kipimo likaning'inizwa kwenye nguo ya mwanamke, katika kitabu kilichosomwa kwa sauti makanisani kizazi baada ya kizazi.

Kufikia mwaka 1755, Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake, kielezi kilifafanuliwa kwanza kwa kukanusha: si kwa majivuno, si kwa ufidhuli. Maana ya kutopita kiasi haikuwa tena mlangoni. Ufafanuzi wa kukanusha una hatari yake, kwani unamtaja mtu kwa kosa ambalo hakulifanya, na humpa anayemtazama kazi ya kulichungulia kosa hilo.

Mary Wollstonecraft aliiona hatari hiyo. Sura ya saba ya kitabu chake cha mwaka 1792 juu ya haki za wanawake inahusu sifa hii, na kichwa chake kinatangaza kwamba itajadiliwa kwa upana wake na si kama sifa ya jinsia moja. Anaitenganisha waziwazi na unyenyekevu. Kwake, mwenye sifa hii hajioni mkubwa kuliko alivyo, wala hajidunishi. Ana kipimo sahihi cha nafsi yake. Mfano anaoutoa ni jenerali George Washington alipokubali kuongoza majeshi ya Marekani: mtu aliyejua uwezo wake akaupokea wajibu, ilhali mnyenyekevu mtupu angeogopa na mwenye majivuno angejitapa. Hoja hiyo ina maana ya moja kwa moja kwa Kiswahili. Mfasiri anayeweka "kwa unyenyekevu" kila mahali anaamua, pengine bila kujua, mjadala ambao Wollstonecraft aliufungua, na anauamua dhidi yake.

Nomino za Kiswahili

Neno "kiasi" limetoka Kiarabu, "qiyas", lenye maana ya kupima jambo kwa jingine. Ndilo pia istilahi ya wanazuoni wa sheria ya Kiislamu kwa hoja ya ulinganisho. Katika Kiswahili halikubaki kwenye vipimo vya nafaka na nguo. Biblia ya Union ya mwaka 1952 inalitumia kama jina la wema: kiasi kimo katika orodha ya tunda la Roho katika waraka kwa Wagalatia, na askofu anatakiwa awe mwenye kiasi. Katika aya iliyotajwa ya Timotheo, tafsiri hiyo inagawa kazi kwa maneno matatu: kujisitiri kwa vazi, adabu kwa mwenendo, na kiasi mahali penye "sophrosyne". Watafsiri hao walifika karibu na Cicero kuliko walivyofika wenzao wa mwaka 1611. Inashangaza kidogo kwamba kamusi na semina za tafsiri hazijaufanya mfano huu kuwa wa kufundishia.

Upande wa pili wapo haya, staha na stara. Haya ni hisia iliyo ndani ya mtu. Staha ni namna anavyojiweka na anavyowekwa mbele ya wengine. Mtu huwa na staha, na pia husitahiwa. Stara ni kifuniko, kiwe cha nguo, cha nyumba au cha siri. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anausia juu ya ulimi, mwendo na vazi kwa pamoja, na msomaji wa pwani hakuhitaji kuambiwa tofauti za maneno hayo. Msomaji wa nyaraka za leo, aliyejifunza Kiswahili Kampala, Kigali au Bujumbura, anazihitaji.

Hata hivyo kiasi kina udhaifu wake, na ingekuwa upofu kuuficha. Kwa matumizi ya kila siku neno limechakaa. "Kwa kiasi kikubwa" inamaanisha sana, "kwa kiasi fulani" inamaanisha si sana, na "kwa kiasi" peke yake humwacha msikilizaji akingoja kivumishi. Sentensi "anaishi kwa kiasi" bado ina sifa ya maadili ndani yake, lakini "bei zilipanda kwa kiasi" inaning'inia.

Katika taarifa za uchumi

Leo kielezi "modestly" kinakutwa zaidi katika taarifa za mabenki kuu, hotuba za bajeti na ripoti za mashirika kuliko katika vitabu vya adabu. Uchumi umekua "modestly", mfumuko wa bei umepanda "modestly". Maana ya mwaka 1531 imerudi kwa mlango wa takwimu.

Hakuna mfasiri makini atakayeandika kwamba uchumi ulikua kwa unyenyekevu. Kosa la hatari zaidi ni la kuvutia. "Ulikua kwa kiwango cha kuridhisha" ni sifa ambayo Kiingereza hakikuitoa. "Ulikua kidogo" ni lawama ambayo pia hakikuitoa. Kielezi cha Kiingereza kinashikilia mambo mawili pamoja: ongezeko si kubwa, na si la kupuuzwa. Kiswahili kinayo njia ya kusema hivyo, nayo ni "si haba", lakini watayarishaji wa taarifa rasmi huiona kuwa ya barazani mno. "Uchumi ulikua kwa kiasi kidogo, ingawa si haba" ni sentensi iliyo sahihi kuliko nyingi zinazochapishwa. Kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo imekipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi na ina Kamisheni ya Kiswahili Zanzibar, suala hili si la mapambo. Mbunge anayesoma "kuridhisha" na mwenzake anayesoma matini ya Kiingereza watapigia kura picha mbili tofauti za mwaka mmoja wa fedha.

Katika sheria

Suala zito zaidi limo katika nomino ya kielezi hicho kama ilivyoandikwa katika sheria za jinai. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 ilianzisha makosa ya kushambulia na ya kutusi "modesty" ya mwanamke. Maneno ya kutusi "modesty" ya mwanamke yaliingia pia katika kanuni za adhabu za kikoloni za eneo hili, na yamo katika zile ambazo Tanzania na Uganda zilizirithi. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo neno hilo linahitaji Kiswahili chake, na Kiswahili hicho kitatumika kumtia mtu hatiani au kumwachia huru.

Mahakama ya Juu ya India ilikwisha kuonyesha mwaka 1966 kwamba uchaguzi huo si wa kinadharia. Kesi ilitoka Punjab, na aliyedhuriwa alikuwa mtoto wa kike wa miezi saba na nusu. Mahakama ya chini ilikuwa imeona kwamba kosa la kushambulia "modesty" halikutendeka, kwa kuwa mtoto wa umri huo hajakuza hisia hiyo. Majaji wawili kati ya watatu wa Mahakama ya Juu waliukataa mtazamo huo wakasema kwamba sifa inayolindwa na kifungu anayo mwanamke tangu kuzaliwa, awe amekua au la. Jaji Mkuu alitofautiana nao.

Mgawanyiko huo wa majaji ni mgawanyiko wa nomino za Kiswahili. Matini ya sheria ikisema "haya ya mwanamke", inamfuata hakimu wa chini: inalinda hisia, na asiye na hisia hiyo, kwa uchanga, kwa maradhi ya akili au kwa usingizi, hana cha kulindwa. Wakili wa utetezi naye atapata njia ya kuuliza kama mlalamikaji, kwa mavazi yake au kwa kazi yake, alikuwa na haya yoyote ya kutusiwa. Ikisema "staha", inakaribia mwenendo, na mlango uleule unabaki wazi nusu. Ikisema "stara" au "heshima", inaelekeza macho kwa mtendaji, kwa kuwa stara huvunjwa na mwingine na heshima hudaiwa kwa wengine. Mtoto wa miezi saba anazo zote mbili. Kati ya hizo, "heshima" ni pana mno na tayari imebeba makosa ya kashfa, wakati "stara" haijazoeleka katika lugha ya mahakama za bara. Hiyo si sababu ya kuiacha. Maneno mengi yanayotumika mahakamani leo hayakuwa yamezoeleka huko mwanzoni.

Wanaotayarisha matini ya Kiswahili ya kifungu hicho watahitaji kuandika ufafanuzi wa neno watakalolichagua ndani ya kifungu chenyewe cha tafsiri ya maneno, wakisema wazi kwamba ulinzi hautegemei umri, hisia wala mavazi ya mlalamikaji, na kuufanya ufafanuzi huo kabla kesi ya kwanza haijamfikia hakimu aliye na kamusi peke yake mezani.